Watoto wamechukuliwa, hakimu anaangalia nini?

Mama Riziki: Jamani naombeni msaada, wifi yangu mkimbizi toka Kongo tuko naye huku Marekani, watoto wake wawili wamechukuliwa, shule iliripoti alama za fimbo mguuni, sasa kortini wakaleta mkalimani wa Kifaransa na yeye anajua Kiswahili tu, akawa anaitikia "yesi" kila kitu huku analia

Mkalimani wa zamani: Pole sana dada. Wakili wake amwambie hakimu leo leo kwamba mkalimani hakufaa, iingie kwenye rekodi. Halafu ile karatasi ya masharti, madarasa ya wazazi na siku za kuona watoto, asikose hata moja, maana sheria ya 1997 inasema mtoto akikaa foster, yaani malezi ya muda chini ya serikali, miezi 15 kati ya 22 ya karibuni serikali inatakiwa iombe haki za mzazi zifutwe, labda akiwa kwa ndugu ndo wanaweza kuacha

Baba Furaha: Basi wewe shangazi omba wakae kwako, usingoje. Na wakili aseme dini na lugha yao, 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona Norway imekosea, mtoto wa mama Msomali Muislamu aliasiliwa na familia ya Kikristo. Huko ni Ulaya, ila inauma kweli

Mama Riziki: Asanteni, nampigia wakili sasa hivi