Wanafunzi wangu watu wazima Kiingereza wanaongea, kuandika ndo mtihani. Nianzie wapi?

mwalimu_wa_magharibi

Asalaam aleykum jamani. Mie nafundisha Kiingereza watu wazima kijijini kwetu huku pwani ya mashariki ya Unguja, si kazi ya kuajiriwa, tumeazimwa chumba cha skuli, tunaingia tukishasali magharibi na ikiadhiniwa isha tunafunga, siku tatu kwa wiki. Kwenye daftari wapo 14: wanne wanafanya hauskipingi mahotelini, walinzi wawili, nahodha mmoja wa boti ya wageni, mapapasi watatu, hao vijana wanaowatembeza wageni, na wamama wanne wa mwani. Kuongea hawana tabu, hao mapapasi ndo usiseme, Kiingereza wanakichapa na Kiitaliano juu yake. Tabu ni kalamu. Nahodha kutwa yuko baharini anapiga stori na wageni, mwambie akae aiandike hiyo stori yake, ataandika "Yestade I am go fishing with gest he catch fish big two" kisha anaweka kalamu chini anafuta jasho kama aliyevuta nanga.

Nilianza kama nilivyofundishwa mie, nikachora ubaoni jedwali la tensi zote 12, wakanakili, wakakariri, wiki ya tatu tumebaki tisa. Na daftari nikizisahihisha kwa wino mwekundu zinarudi kama zimechinjiwa kuku, mtu ana wajukuu wanne anafungua daftari, anakunja uso, anafunga. Siku za bamvua ndo kabisa, wamama siwaoni.

Suali langu, kwa watu kama hawa unaanza na sarufi au unaanza na kuandika? Na makosa nisahihishe yote au mengine niyafumbie macho? Wenye uzoefu nambieni, lakini msinambie ninunue projekta.

babu_wa_sarufi

Wa aleykum salaam. Mwanangu, sarufi kwanza. Sie skuli tulikaririshwa go, went, gone mpaka tunaota usiku, na imla kila Alkhamisi, ukikosa maneno matano unabaki. Mpaka leo barua ya Kiingereza naandika sina wasiwasi. Nyie wa sasa mnataka mtu aandike insha na kitenzi hakijui. Waliokimbia waache, mwenye haja atabaki.

shifti_ya_usiku

Babu kwa heshima zote, wewe wakati huo ulikuwa mtoto na kazi yako kusoma tu, chai unawekewa. Mie kuandika Kiingereza nimejifunza nina miaka 31, nikitandika vitanda hoteli moja huko kaskazini, na ntakwambia nilivyojifunza maana nilijifunza kwa aibu.

Nlipopandishwa risepsheni nikakabidhiwa kitabu cha shifti, anayetoka anamuandikia anayeingia. Siku moja kuna wageni wanakwenda kutizama pomboo, gari iwachukue saa kumi na mbili alfajiri, mie na kimbelembele changu nikawaandikia karatasi "Dolphin 12 o'clock". Dereva kaja alfajiri, kangoja, kaondoka na hasira zake. Wageni wameamka zao, wamekunywa chai kwa raha, saa sita mchana wamejipanga risepsheni na mataulo na miwani ya kuzamia wananitizama mie. Na tensi zote nlikuwa nazijua wallahi! Kosa langu halimo kwenye jedwali lolote la tensi, ni saa za Kiswahili nimezipeleka kwa Mzungu kama zilivyo, saa kumi na mbili yetu kwake ni six, na saa sita yetu ndo twelve yake.

Kwa hiyo mwalimu, kabla hujachora kitu ubaoni muulize kila mmoja, wewe kazini kwako unatakiwa uandike nini? Mlinzi anaandika nambari ya gari na saa iliyoingia. Hauskipa anaandika "Room 9, two towels missing, the tap is leaking". Nahodha ana orodha ya abiria. Hao wamama wa mwani kama wanatengeneza sabuni basi wana lebo ya kuandika. Anzia hapo, sarufi utaipachika humo humo, na saa fundisha siku ya kwanza kabla ya kitu chengine chochote.

ticha_wa_mjini

Shifti ya usiku umenichekesha lakini uko sawa, wangu waliwahi kukosa boti ya Dar kwa saa hizo hizo.

Ila mie niongeze, maana "utaipachika humo humo" inahitaji mtu ajue anapachika nini. Mtu mzima si kama mtoto, mtoto ukimwambia hivi ndivyo anakubali, mtu mzima anataka sababu, na sababu nyingi zimo kwenye Kiswahili chake mwenyewe. Hawa hawakuja watupu, sarufi wanayo kamili, wanaichukua ya Kiswahili wanaivisha maneno ya Kiingereza. Chukua sentensi ya nahodha. "I am go" kaitoa wapi? Kwenye "ninakwenda", kasikia "ni" ndo "am" na "kwenda" ndo "go", kajumlisha. "Fish big two" ni samaki wakubwa wawili, neno kwa neno, sie jina linatangulia na sifa zinafuata nyuma, wenzetu wanaanza na nambari kisha sifa kisha jina. Na "he" hapo hata sijui mgeni alikuwa mwanamme au mwanamke, maana "a" yetu haichagui, aliyevua ni aliyevua. Mie nnae mwanafunzi kaandika ripoti kazini kwake "Guest room 4 he is pregnant", bosi wake alicheka mpaka akatafuta kiti. Ukimwonyesha mtu kwamba kosa lake lina asili, aibu inatoka, anaanza kuyawinda mwenyewe.

Sasa kuna moja nakuomba ulipe wiki nzima, nalo ni "me" yetu ya Kiswahili, ile ya amefika. Ukiwaambia "me" ni "has" wanafurahi sana, amefika "has arrived", ameondoka "has left", mambo yanakwenda. Kisha hauskipa anaandika "The guest has slept so I did not clean", anakusudia mgeni amelala sasa hivi, na anayesoma anafahamu mgeni keshamaliza kulala, basi mbona chumba hakijasafishwa? Amelala, amekaa, amesimama, amevaa, kwetu hizo ni hali aliyonayo mtu wakati huu, kwao ni "is sleeping, is sitting, is standing, is wearing". Hii huipati kwenye jedwali la tensi 12 maana mtunzi wa jedwali hakuwa akimfikiria Mswahili. Na ukiwa hapo hapo waonye na "has arrived yesterday", sie "amefika jana" twasema barazani hakuna anayeshtuka, wao wakishataja jana "has" inaondoka.

"A" na "the" usizivamie mapema, sie hatuna. Mie huwa nawaambia wanisimulie hadithi ya kwetu, hapo zamani palikuwa na sultani, sultani yule alikuwa na binti, binti yule hivi na hivi. Basi sultani wa kwanza ni "a", pale unaposema "yule" weka "the". Haifiki kila pahala lakini inamtosha mtu wa kuanza kwa miezi kadhaa.

Kusahihisha: kosa moja kwa wiki. Wiki ya he na she unapigia mstari he na she tu, mengine yaone uyapite hata yakikuuma, na unapiga mstari huandiki jawabu, jawabu alitafute yeye. Na hiyo kalamu nyekundu wape watoto wako wachoree.

babu_wa_sarufi

Kosa moja kwa wiki! Kwa hesabu hiyo watamaliza kaburini.

mtoto_wa_wete

Babu taratibu yakhe 😂

Mie niko Pemba, nimesaidia sana madarasa ya kisomo, na kuna kitu nyote mmekiruka. Mwalimu, hao wamama wanne, ushawahi kuwatizama wanavyoshika kalamu? Maana sie huku tulikuwa na bibi wa miaka sitini na kitu, kwenye fomu kaandikwa hajui kusoma, na msahafu anausoma mbio kuliko mie! Kusoma anajua, hizi herufi za Kizungu ndo hajazizoea. Mkono wake umezoea kutoka kulia, kwa hiyo daftari analifungua kwa nyuma. Herufi kubwa anasahau kila siku, si uvivu, Kiarabu hakina herufi kubwa na ndogo. Na irabu anazila, neno "water" anaandika "wtr", kwa sababu alikotoka irabu fupi ni alama juu na chini ya herufi na mara nyingi haziandikwi kabisa. Mtu huyu ukimpa jedwali la tensi unamuonea.

Tulichofanya kwa bibi, tulimwambia aseme kitu chake chochote kwa Kiingereza chake hicho hicho cha sokoni. Akasema "I have seven goat. One is mad." Mwalimu akaiandika kama alivyosema, akaongeza "s" tu kwenye mbuzi, bibi akaisoma, na kuisoma akaiweza maana maneno yake mwenyewe anayajua yanavyokwenda. Kesho akainakili, keshokutwa akaandika bila ya kutizama. Wiki inayofuata akaongeza habari za yule mbuzi kichaa. Ile karatasi kaibandika mlangoni mpaka imekuwa rangi ya chai. Hiyo "s" ya goats hajaisahau tena, na hakuna aliyemwambia neno wingi.

Jengine kwa upande wa tahajia, waandikie maneno wanayoyajua tayari: blanketi, kabati, soksi, tochi, baiskeli. Weka ubavuni blanket, cupboard, socks, torch, bicycle. Wataona wenyewe kwamba Kiswahili tunaandika tunavyotamka na wenzetu wana mambo yao. Hiyo "p" ya cupboard ilivyokaa katikati haina kazi ilitupa kicheko cha siku nzima, na mtu akishacheka hasahau.

mwalimu_wa_magharibi

Jamani ahsanteni, nimesoma yote mara mbili. Jumatatu nilifuta jedwali nikauliza tu, kila mtu ana haja ya kuandika nini. Nilidhani nayajua majawabu. Mlinzi mmoja kasema anataka kujaza fomu mwenyewe bila ya kumpigia simu mtoto wake. Papasi mmoja anataka kuwajibu wageni wanaomuandikia wakishafika kwao, maana meseji zinakuja ndefu, yeye anajibu "Yes my friend" basi. Wamama kweli ni lebo za sabuni, na mmoja kasema hataki lebo, anataka kuandika jina lake kwa Kizungu likae sawa, nikaona haya, miezi miwili nnaye na sikujua.

Nikawapa ile ya amelala. Hauskipa mmoja kapiga meza, kasema "Ndo maana!" Hakutwambia ndo maana nini.

Swali dogo, hao mapapasi wanaandikia kwenye simu, na simu inawamalizia maneno. Niwakataze?

babu_wa_sarufi

Kataza.

shifti_ya_usiku

Usikataze, kazini wataandikia wapi kama si kwenye simu? Wafanye kwenye daftari kwanza, kisha wahamishie kwenye simu wakitizama simu imebadilisha nini na imebadilisha kwa nini. Wakati mwengine simu kosa hailioni, kuna mtu kaniandikia "I am boring", anakusudia "I am bored", na simu imemwachia tu.

mwani_na_kalamu

Mie sio mwalimu, ni mwanafunzi, si wa darasa hilo lakini mambo ni hayo hayo. Mwalimu umesema siku za bamvua wamama huwaoni kama kwamba wanakukimbia. Bamvua maji yanatoka mbali sana, ndo siku zetu za kufunga mwani na kuvuna, tunashinda ndani ya maji tumeinama, ukirudi mgongo si wako, na vidole vimekatwa na kamba hata kalamu haishikiki. Kisha tukija siku ya pili nyie mshafika mbele, tunakaa kama mawe, basi tunaona bora tusije. Sie mwalimu wetu alitufanyia hivi, jambo jipya anatoa wakati wa maji mafu, yale yasiyotoka mbali, siku za bamvua wanaokuja wanarudia ya nyuma na kusomeana walichoandika. Mwezi mmoja bamvua mara mbili, ukiandama na ukiwa mpevu, wala hakuhitaji kalenda.

mwalimu_wa_magharibi

Subhanallah, mie nimezaliwa hapa hapa ufukweni na hili sikulifikiri. Ratiba nimepanga Jumatatu Jumatano Alkhamisi kama skuli ya watoto! Leo naibadilisha. Na Ramadhani itabidi tuhamie baada ya tarawehe, hilo tutaliona likifika.

ticha_wa_mjini

Mwani na kalamu, hebu njoo utufundishie sie walimu. Mie mjini huku naongelea sarufi, mwezi siuoni kwa magorofa.

babu_wa_sarufi

Sijakubali. Lakini imla usiiwache, mwanangu. Ila usiwasomee vitabu, wasomee hiyo hiyo karatasi ya nahodha ikishatengenezwa, mara mbili, polepole, nao waandike, kisha wabadilishane daftari. Hata huyo bibi wa mbuzi ningemsomea imla ya mbuzi wake. Na ukizipata za wiki ya kwanza zipige picha uziweke hapa nizitizame. Ntatumia kalamu ya risasi.