Majirani wa Mtaa Wetu, Mikocheni

Mama Salma: Habari za asubuhi, majirani. Usiku wa kuamkia leo tulisikia mshindo mkubwa, tukadhani ni tairi la lori lililopasuka barabarani. Sasa mlango wa gereji umekataa kupanda: mota inanguruma, mlango unanyanyuka kiasi cha shubiri moja, kisha unarudi chini. Gari limo ndani na saa nne natakiwa niwe Kibaha.

Baba Juma: Pole sana, Mama Salma. Vuta ile kamba nyekundu inayoutenga mlango na mota, kama tunavyofanya umeme ukikatika, nami nitakuja na vijana wawili tuunyanyue kwa mikono.

Mzee Hamisi: Naomba asivute mtu kamba hiyo kwanza. Mama Salma, ingia ndani utazame juu ya mlango, kwenye ile shafti ndefu yenye springi mbili. Je, zote ni nzima?

Mama Salma: Shikamoo, Mzee. Ya kushoto imekatika, na katikati yake pana mwanya wa vidole vitatu.

Mzee Hamisi: Marahaba, mwanangu. Basi mota haina kosa. Uzito wa mlango hubebwa na springi, na mota husukuma tu. Mlango wa magari mawili kama wenu huweza kufika kilo 100, na mtu akivuta kamba nyekundu ukiwa juu ilhali springi imekatika, utashuka kama shoka. Chomoeni plagi ya mota, watoto wasikae karibu, na gari lilale humo leo.

Baba Juma: Nimekuelewa, Mzee. Mama Salma, mimi naelekea Mlandizi, nitakupitia saa mbili na nusu.

Mama Salma: Ahsante sana, Baba Juma. Lakini mlango huu haujatimiza hata miaka minane, na kila mwezi tunaupaka grisi.

Mzee Hamisi: Springi za kawaida hutengenezwa kwa safari 10,000 za kufungua na kufunga. Ukifungua mara nne kwa siku, hiyo ni miaka 7 hivi, na upepo wa chumvi wa huku kwetu hauongezi umri wa chuma chochote. Kuhusu grisi, niwieni radhi: kwenye reli hunasa mchanga, na magurudumu husaga mchanga huo kila siku. Reli hufutwa kwa kitambaa kikavu, na mafuta mepesi huwekwa kwenye bawaba, beringi na springi. Kipimo cha afya ya mlango ni kuutenga na mota ukiwa chini, kisha kuunyanyua hadi nusu na kuuachia polepole: ulio sawa hubaki hapo hapo.

Salma: Shikamooni. Mama yuko njiani. Fundi amefika, ana bisibisi kubwa na kipande cha nondo ya milimita 10, na anataka kulegeza skrubu za springi iliyobaki.

Mzee Hamisi: Mwambie asubiri, nakuja kwa miguu sasa hivi. Springi iliyokatika imekwisha nguvu, lakini nzima bado imejaa mizunguko zaidi ya saba, na hiyo ndiyo inayovunja mikono. Tundu lake la kuizungushia ni la nusu inchi, yaani karibu milimita 13, kwa hiyo nondo ya milimita 10 itacheza ndani na kuchomoka. Hufunguliwa kwa fito mbili za chuma zinazoenea tunduni, robo mzunguko kwa kila mara, naye fundi akisimama pembeni. Boliti za pembe za chini, zinaposhikwa kebo, zisiguswe kabla springi haijalegea.

Mama Salma: Nimerudi salama, na nawashukuru nyote. Mzee amenionyesha kwamba paneli mbili za chini zimeliwa na kutu hadi povu la ndani linaonekana, hivyo tumeamua kuuondoa mlango wote. Fundi amekwenda kutafuta fito, na Jumamosi atashusha paneli moja moja kuanzia ya juu. Mabaki niyapeleke wapi?

Mzee Hamisi: Reli, shafti na springi ni chuma chakavu, huuzwa kwa kilo. Springi nzima isiuzwe kabla haijalegezwa kabisa, kwani mnunuzi hawezi kujua kilichomo. Mota na rimoti zitenganishwe, betri zisitupwe pamoja na taka za jikoni. Povu lisichomwe uani, moshi wake ni sumu.

Baba Juma: Naomba zile paneli tatu za juu, niezekee banda la kuku.

Mzee Hamisi: Chukua, lakini kingo zote uzifunike kwa bati, maana kuku wakiliona povu watalidonoa mpaka liishe.

Mama Salma: Kirikuu kitakuja Jumamosi saa tatu asubuhi kubeba yaliyobaki. Tafadhali msiegeshe magari mbele ya geti letu.