MREJESHO: Nguvu za viluwiluwi kwenye Baldur's Gate 3

Wakuu, niliuliza kama mhusika wangu kwenye mchezo huu wa video atumie nguvu za viluwiluwi vya ubongoni (vimelea vinavyoingia kichwani na kumpa mtu nguvu za akili) au abaki na akili yake safi. Asanteni sana mlionijibu.

Nimezitumia, ila kwa kipimo. Ile inayommaliza adui papo hapo pointi zake za uhai zikishuka chini ya idadi ya nguvu ulizofungua imenibeba mno, hasa maadui wakiwa kundi. Nyingine nilizofungua sikuzitumia.

Kile kiluwiluwi cha pekee, kinachokupa uwezo wa kupaa na kukuachia mishipa myeusi usoni, nimekikataa. Shujaa wangu ni kasisi, asingekubali kamwe, na kwangu hilo lina uzito kuliko kupaa. Kwa aliyehofia kwamba wenzangu wa safari mchezoni watanikimbia: wote bado wapo.