Re: Nataka kupanda milima Uswisi, nianzie wapi?

Kutoka: Bern

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za wikiendi.

Nimehamia Bern mwaka huu kwa kazi ya maabara. Hapa kazini Ijumaa ikifika hakuna mazungumzo mengine ila mlima, na Jumatatu watu wanarudi nyuso zimeiva kwa jua. Wakisikia natoka Moshi wanadhani Kilimanjaro naupanda kama mtu anavyopanda daladala. Ukweli nimeutazama tangu utotoni, kuupanda bado.

Sasa wamenialika Agosti twende Breithorn, juu ya Zermatt. Wanasema katika milima ya mita elfu nne hakuna mwepesi kama huo. Ni kweli? Ninunue nini, na nikiumia huko juu nani analipa?

Kutoka: Thun

Marahaba mdogo wangu, karibu. Mimi niko kwenye tawi la klabu ya milima hapa Thun, kwa hiyo univumilie, nitaandika kirefu.

Wewe ni wa Moshi, basi anza na hili. Mlima wa kwetu una geti. Unajiandikisha, unalipa, hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, wagumu wanabeba mizigo na mpishi anakusubiri na uji. Ukianza kutapika pale kambi ya Barafu, mwongozaji ndiye anayekata shauri kwamba unashuka. Alps, milima ya huku, haina geti. Unateremka kwenye basi, unakuta kibao cha njano, unaondoka. Hakuna wa kukuuliza una viatu gani, umelala saa ngapi, wala mvua itanyesha lini. Kazi yote ya yule mwongozaji sasa ni yako, pamoja na ile ngumu kuliko zote: kusema "tunarudi" wakati wenzako wanataka kuendelea.

Kwa hiyo jifunze kusoma vibao kabla ya kununua kitu chochote. Kibao cha njano kitupu ni njia ya matembezi, hata bibi mwenye mkongojo anapita. Ncha ya mshale ikipakwa nyeupe-nyekundu-nyeupe, hiyo ni njia ya mlimani: nyembamba, ina miinuko mikali, pengine kuna mnyororo wa kushika ukutani, na ukiteleza mahali pabaya hutasimama mapema. Kibao cha buluu chenye nyeupe-buluu-nyeupe ni njia ya kialpine. Huko mikono inafanya kazi sawa na miguu, na wakati mwingine njia yenyewe huioni, unafuata alama kwenye mawe. Kwenye vitabu na programu utakutana na vipimo vya T1 hadi T6. Njano ni T1, nyekundu ni T2 na T3, buluu ni T4 kwenda juu. Mwaka huu wa kwanza usivuke T3, hata akushawishi nani.

Halafu kibao hakikupi kilomita, kinakupa muda. Kikiandika saa 2 na dakika 40, ni mwendo wa kawaida bila kusimama: hakuna kunywa maji, hakuna picha, hakuna kufunga kamba za viatu. Sisi wageni tuongeze nusu yake. Ukitaka kupiga hesabu mwenyewe, kuna kanuni inayotumika sana Ujerumani na Austria: saa moja kwa kila mita 300 za kupanda, saa moja kwa kila mita 500 za kushuka, na saa moja kwa kila kilomita 4 za tambarare. Kati ya muda wa mwinuko na muda wa umbali chukua ulio mkubwa, kisha ongeza nusu ya ule mdogo. Ukiona jumla imezidi saa saba, tafuta mlima mwingine.

Sasa Breithorn. Rafiki zako hawakudanganyi, ila hawajamaliza sentensi. Kilele kina mita 4,164 na gari la nyaya linakushusha Klein Matterhorn, kama mita 3,820, kwa hiyo ni kama mita 350 tu za kupanda. Lakini unakanyaga barafuto, ile barafu ya kudumu inayosogea, na ndani yake kuna nyufa ambazo theluji imezifunika juu. Huzioni. Ndiyo maana watu wanafungana kamba, wanavaa kucha za chuma viatuni, na anatangulia mtu anayejua kumtoa mwenzake shimoni. Waulize: nani kati yenu amefundishwa kuokoa mtu kwenye ufa? Wakiangaliana, mlipe mwongozaji au msiende.

La pili ni hewa. Bern iko kama mita 540. Asubuhi hiyohiyo unajikuta juu ya mita 3,800. Kichwa kitauma, na mapafu hayana habari kwamba umezaliwa chini ya Kibo. Moshi yenyewe haifiki mita 1,000, mdogo wangu.

Mimi ningeanza na Schynige Platte. Panda treni ya meno kutoka Wilderswil, shuka juu kabisa kwenye mita 1,967, tembea kupitia Faulhorn (mita 2,681) hadi First juu ya Grindelwald. Ni kama kilomita 16, saa sita za kibao, alama nyekundu. Siku nzima vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau viko mkono wako wa kulia. Kule Faulhorn kuna hoteli ya tangu karne ya 19, utapata supu. Jambo moja: kabla hujaondoka nyumbani angalia saa ya gari la nyaya la mwisho la kushuka kutoka First. Likikupita, ni zaidi ya mita 1,100 za kuteremka kwa miguu hadi kijijini, na magoti yatakukumbusha wiki nzima.

Ukiizoea hiyo, kuna mlima Barrhorn kule jimbo la Wallis. Mita 3,610, na msimu ukiwa mzuri unafika bila kugusa barafuto wala kamba. Unalala kwanza Turtmannhütte, kibanda cha kulala wapanda milima, unaamka gizani. Hapo ndipo utaujua mwili wako unasemaje juu ya mita 3,000, na hayo ya Breithorn tutayaongea baadaye.

Viatu: vifike juu ya kifundo, soli ngumu yenye meno. Usinunue vya mtumba dukani kwa vitu vya zamani hata viking'ae vipi. Gundi na povu la soli huoza polepole hata kiatu kikikaa kabatini. Nimemwona mwenzetu soli imebanduka nzima katikati ya mteremko wa changarawe, tukaifunga kwa kamba ya begi, ikatoka tena, tukaifunga kwa bandeji. Tulishuka kwa saa nyingi kuliko tulizopandia.

Kutoka: Zürich

Dada wa Thun amemaliza karibu yote. Mimi niongezee la pesa, maana hapo ndipo wengi wetu tunalia.

Kaka, wewe umeajiriwa. Ukifanya kazi angalau saa nane kwa wiki kwa mwajiri mmoja, bima ya ajali ya kazini inakulinda hata Jumapili ukiwa mlimani, pamoja na gharama za uokoaji. Ila ukifanya jambo la hatari kupita kiasi wana haki ya kukukata malipo. Anayepaswa kuogopa ni mwanafunzi, mke au mume asiye na ajira, na mgeni aliyekuja kutembea. Hao wanategemea bima ya afya, na bima ya msingi inalipa nusu tu ya uokoaji, mwisho faranga 5,000 kwa mwaka. Shemeji yangu aliteguka goti mahali ambapo hata punda hapiti, helikopta ikaja. Bili ilipofika tulikaa mezani tukiisoma zamu kwa zamu.

Kwa hiyo lipa ule mchango wa Rega, shirika la uokoaji kwa helikopta. Faranga 40 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Siyo bima, ni ufadhili, lakini kama bima zako hazilipi, wao wanaweza kukusamehe gharama ya kuokolewa kwako. Namba yao ni 1414. Ukiwa Wallis, yaani Zermatt na huko Barrhorn, piga 144, kwa sababu helikopta za huko ni za mashirika mengine. Ukisahau zote, 112 inafanya kazi.

Na helikopta ikija: simama, inua mikono yote miwili juu kama herufi Y, maana yake ndiyo, tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini ni hapana. Nimeona watu wanapungia rubani kwa furaha, mikono yote miwili hewani. Msifanye hivyo.

Kutoka: Innsbruck

Habari zenu. Huku Tirol, Austria, mambo yanafanana, ila alama za rangi zinatofautiana kidogo: kwenye kibao tafuta doti nyekundu kwa njia ya wastani na doti nyeusi kwa ngumu. Namba ya waokoaji wa mlimani ni 140. Na wengi wetu tumejiunga na Alpenverein, chama cha wapanda milima, kwa sababu ada ya mwaka ina bima ya uokoaji ndani yake na vibandani unalala kwa bei nafuu. Hawaulizi uraia.

Hakuna aliyetaja ng'ombe, nami natoka Usukumani, acheni niseme. Malisho ya huku njia inapita katikati ya kundi. Ng'ombe ni wanene, wana kengele shingoni, watalii wanawakumbatia. Mimi nimekua nachunga na bado nazunguka mbali. Hawa wengi ni mama na ndama, hawakamuliwi, hawajazoea mtu kuwagusa. Mwaka 2014 mtalii aliuawa na ng'ombe bonde la Stubai, si mbali na hapa, na kesi yake ikavuma nchi nzima. Kama una mbwa ndiyo hatari zaidi. Ng'ombe akikujia, mwachie mbwa kamba akimbie, wewe toka taratibu bila kumpa ng'ombe mgongo.

Halafu ndugu wa Moshi, wakikuuliza tena ofisini kuhusu Kilimanjaro, waambie mmoja wa waliofika kilele cha Kibo mwaka 1889 pamoja na Hans Meyer alikuwa Ludwig Purtscheller, mzaliwa wa hapa Innsbruck. Na waambie pia kuhusu Mzee Lauwo wa Marangu, ambaye kwetu anatajwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Huyo mara nyingi wanamsahau.

Kutoka: Bern

Asanteni sana. Breithorn nimeahirisha, nimewaambia wenzangu waende na mwongozaji, nao wamenuna kidogo. Schynige Platte tunakwenda mimi na dada mmoja wa Mombasa anayesoma hapa. Yeye anauliza: vibandani chakula kikoje kwa asiyekula nguruwe? Na tuondoke saa ngapi?

Kutoka: Thun

Ondokeni na treni ya kwanza. Siku za joto mawingu huanza kujikusanya kuanzia adhuhuri, na radi ikikukuta kwenye mgongo wa mlima huna pa kwenda. Mkisikia ngurumo shukeni kutoka ukingoni, wekeni fimbo za chuma mbali, chuchumaeni miguu pamoja, wala msijibanze chini ya mti ulio peke yake. Mkiwahi kwenda Juni, ulizeni kwanza kama theluji imeisha upande wa kivuli. Chukueni koti na kofia hata Bern kukiwa na nyuzi 30, kwa sababu kila mita 1,000 unazopanda joto linapungua kama nyuzi sita na nusu. Na pakueni ramani za swisstopo, ofisi ya ramani ya serikali ya Uswisi, kwenye simu mapema, ni bure, mtandao wa simu huko haueleweki.

Chakula cha kibandani ni kimoja kwa wote, kimepangwa: supu, wali au tambi, kitu kitamu. Supu mara nyingi ina vipande vya nguruwe, kwa hiyo dada aseme wakati wa kuweka nafasi kwamba anakula mboga, siyo akishakaa mezani. Mhudumu anapika kwa mzigo ulioletwa na helikopta, hawezi kubadilisha dakika ya mwisho. Viatu vinabaki mlangoni, mnapewa kandambili. Shuka la kulalia lililoshonwa kama mfuko mnabeba wenyewe, ni lazima. Saa nne usiku kimya. Na kama mvua imewazuia kwenda, pigeni simu kufuta, maana asiyefuta anaweza kudaiwa na jina lake wanalikumbuka.

Njiani bebeni kashata za kutosha. Hazigandi, hazivunjiki, na hazihitaji jiko. Dada wa Mombasa atajua zinapatikana wapi Bern, mimi duka nililokuwa nikinunua lilifungwa.