Tupeane uzoefu: usiku Uingereza inapiga kura ya kutoka EU (Umoja wa Ulaya), hela zako zilikuwa zimelala wapi?

Mtanga wa Reading
Wakuu habari za jioni. Jana nimebishana na shemeji mpaka chai ikaharibika. Yeye anasema Mali, Niger na Burkina Faso wametoka ECOWAS, ile jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, tangu Januari 2025 na hajaona mtu wa kawaida aliyelia, kwahiyo mambo ya jumuiya ni ya marais, mwenye vihisa vyake na kiwanja chake hayamhusu. Nikamwambia shem, wale bado wanatumia faranga ileile ya CFA, pesa haijaguswa, ndo maana. Ungekuwa umeshika pauni Juni 2016 usingeongea hivyo. Sasa naomba waliokuwa na hela zao binafsi kipindi kile, za hisa, za nyumba, za kutuma nyumbani, waje hapa. Nani alipiga kura gani wekeni pembeni jamani.

Ngoja Waje
Nimekaa paleee.

Kamau wa Pipeline
Mimi nilikuwa Nairobi upande wa kupokea. Sister alikuwa anatuma fees ya watoto wake wawili na ile ya kumalizia nyumba ya mzee. Alhamisi ya kura pauni inacheza karibu na 150 bob, Ijumaa asubuhi tunaamka iko 130 na kitu. Fundi ashakuja na bei ya mabati, mabati hayajui mambo ya EU. Sister anasema mimi nimetuma pauni zilezile, kwa nini mnalalamika? Kuelewana ilikuwa kazi.

Mzee wa ISA
Nyie mlioko nyumbani mliona pauni tu. Sisi wenye hisa tuliona mambo mawili kinyume kabisa ndani ya wiki moja na hapo ndo nilipojua soko halisomi magazeti. Ijumaa tarehe 24 FTSE 100, ile namba inayopima hisa za makampuni mia makubwa ya soko la London, imefungua chini kama asilimia 8, watu wanapigiana simu, mpaka jioni imefunga chini asilimia 3 tu. Jumatano inayofuata imerudi ilipokuwa kabla ya kura na kupita! Nchi haina mwelekeo, Waziri Mkuu Cameron ametangaza anaondoka, halafu hisa zinapanda. Kwa sababu makampuni makubwa pale yanauza dunia nzima, mapato yao ni dola, pauni ikishuka ile dola ikigeuzwa inakuwa pauni nyingi zaidi. Nilikuwa na Unilever na Diageo, zilinitunza. Lakini jirani yangu hapa, Mghana, alikuwa amejaza Taylor Wimpey na Persimmon, makampuni ya kujenga nyumba, maana kila mtu alikuwa anasema nyumba London haziwezi kushuka, zile ziliporomoka zaidi ya robo siku ileile moja. Na FTSE 250, yale makampuni ya kati yanayouzia Waingereza wenyewe, ilishuka zaidi ya asilimia 7. Kwahiyo ukimuuliza mwekezaji mdogo anaonaje nchi kutoka kwenye umoja, muulize kwanza ameweka nini, usimuulize anapenda nini.

Kijana Pips
Mimi usiku ule niliuza pauni. Nililala maskini nikaamka nimejenga.

Ngoja Waje
Chai hiyo. Kila mtu aliuza pauni baada ya mechi kuisha.

Kijana Pips
Kama huamini acha. Nilikuwa nina statement.

Kamau wa Pipeline
Iweke basi tuone.

Kijana Pips
Ile simu niliibiwa Ubungo mkuu.

Ngoja Waje
😂😂😂 Nimemaliza.

Nesi wa Midlands
Nimesoma huu uzi nikiwa break nikasema nipite kimya ila imeshindikana. Sisi yalitukuta. Mume wangu alikuwa anacheza hizi forex na spread betting, yaani kubashiri kama bei ya sarafu itapanda au itashuka, mwanzoni vihela vidogo vya kununulia mafuta ya gari, sikusema kitu. Tulikuwa na akiba ya deposit ya nyumba, miaka ya night shift ile jamani, sitaki hata kukumbuka. Wiki ile ya kura broka wake akatuma email kwamba wanapandisha marijini, yaani ukitaka kubaki kwenye trade ongeza hela. Mtu mwenye akili anaona hiyo ni dalili watoke, yeye akaona ni dalili aongeze. Akaongeza kutoka kwenye ile akiba. Mimi sijui.

Alhamisi saa nne usiku vituo vimefungwa, ikatoka ile takwimu ya waliohojiwa, 52 kwa 48 kwamba wanabaki, na Farage mwenyewe, kinara wa kutoka, akaonekana kama amekubali kushindwa. Pauni ikapanda mpaka dola 1.50. Mume wangu anacheka peke yake sebuleni, simu moja ina chati, nyingine amefungua BBC, laptop iko kwenye mkono wa kochi. Ananiambia mama fulani, kesho ukitoka kazini twende tukaangalie ile nyumba ya pembeni. Mimi nikafurahi nikaenda kupiga pasi uniform.

Kwanza yakaja matokeo ya Newcastle. Walitakiwa kubaki kwa mbali, wakapita kwa kubahatisha tu. Akanyamaza. Halafu saa sita na kama dakika ishirini ikaja Sunderland, asilimia 61 kutoka. Kwenye TV watu wanarukaruka ukumbini wamebebana mabegani, na mimi naangalia ile mistari kwenye laptop inashuka sijawahi kuona kitu cha hivyo, haishuki kwa ngazi, inadondoka. Alikuwa ameweka stop loss, ile amri ya kufunga trade yenyewe hasara ikifika pale ulipopanga. Bei ikairuka ile stop, ikaja kumfungia chini huko ilikopata mnunuzi. Nilikuwa nimeshika pasi mkononi nikamsikia anasema "imepita, imepita, imepita" mara nyingi nikadhani anaongelea kura.

Mpaka BBC wanatangaza kwamba nchi inatoka, saa kumi na moja kasoro alfajiri, akaunti ilikuwa imeungua zamani, na broka anamdai ya juu. Nikaenda kazini hivyohivyo. Wodini Wareno na Wahispania wanalia wanaulizana kama watafukuzwa, wakaniona na mimi nina machozi wakanikumbatia, wanadhani nawalilia wao. Agosti Benki Kuu ikashusha riba mpaka asilimia 0.25, mikopo ya nyumba ikawa rahisi sijawahi ona, majirani wote wananunua. Sisi deposit iko kwa broka.

Mtanga wa Reading
Dada pole sana. Nimesoma mara mbili.

Bi Mkubwa Mombasa
Pole mwanangu. Na huyo mume je?

Babu Chati
Pole dada ila tuseme ukweli ili vijana wajifunze. Stop ya kawaida haina maana kwenye tukio kama lile, kuna ile ya kulipia ambayo broka anakuhakikishia bei. Hakuilipia. Na huwezi kuingiza akiba ya familia kwenye kitu cha levereji, yaani cha kucheza na hela nyingi kuliko uliyoweka, siku ya kura. Hiyo siyo Brexit, ni usimamizi mbovu.

Kamau wa Pipeline
Babu, mtu ameweka msiba wake hapa we unaleta darasa?

Babu Chati
Mada inasema uzoefu. Uzoefu bila darasa ni umbea.

Bi Mkubwa Mombasa
Ondokeni hapo nyote wawili. Mwanangu, mume yuko?

Kijana Pips
Babu Chati yuko sahihi ila hata hiyo ya Juni ilikuwa na afadhali, mimi iliyonichoma ni ya tarehe 7 Oktoba mwaka uleule. Hakuna kura, hakuna habari, huku kwetu ni saa nane usiku, pauni ikadondoka ndani ya dakika chache mpaka chini ya dola 1.20 halafu ikarudi kama imetania. Ilirudi wakati mimi nishafungiwa.

Ngoja Waje
Si ulikuwa umejenga?

Mpangaji Mstaafu
Naomba nirudishe mada. Mimi sichezi chati. Nilikuwa na pesa kwenye mfuko unaonunua majengo ya ofisi na maduka, nikashauriwa ni salama, kodi inaingia kila mwezi. Baada ya kura watu wakataka kutoka wote kwa pamoja, na jengo huwezi kuliuza asubuhi moja. Jumatatu tarehe 4 Julai mfuko wa kwanza ukafunga mlango, kesho yake mikubwa mingine miwili, wiki haijaisha foleni ni ndefu. Wangu nao. Ukiingia mtandaoni hela yako unaiona pale, tarakimu zote zipo, kitufe cha kutoa kimekuwa cha kijivu. Kuna mfuko uliwaambia wenye haraka sawa tokeni, lakini tunawakata asilimia 17. Mimi wangu ulikaa miezi hivyo na ada ya usimamizi wanakata kama kawaida.

Mzee wa ISA
Hilo la ada ndo huwa linaniuma kuliko yote. Mlango umefungwa ila mlinzi anaendelea kulipwa.

Mama Mishiri
Na sisi wa shambani je? Nina share na ndugu zangu kwenye kampuni ndogo ya kupeleka mishiri, yale maharage mabichi ya maganda, Uingereza, mkataba ni wa pauni, bei ya msimu mzima tumeshakubaliana. Pauni imeshuka, mfanyakazi namlipa shilingi, mbolea inakuja kwa dola, ndege ni dola. Kilo ni ileile, boksi ni lilelile, hela pungufu. Buyer nikimwandikia anajibu kwa upole sana kwamba mkataba ni mkataba. Halafu 2020 ndio presha ikapanda kabisa, maana tarehe 31 Desemba Waingereza wanatoka kwenye soko la EU na Kenya hatuko kwenye zile nchi maskini zaidi zinazoingiza bure, tungelipa ushuru, maua tulikuwa tunaambiwa asilimia 8 hivi. Serikali ilisaini mkataba wa biashara na London tarehe 8 Desemba. Tarehe nane! Mzigo wa Valentine mtu anaupanga lini?

Mchambuzi wa Dodoma
Sisi Tanzania tuliliona mapema. Julai 2016 tukakataa kusaini EPA, ule mkataba wa biashara, na EU, moja ya sababu ni kwamba Uingereza inatoka, sasa unasaini mkataba na soko ambalo mnunuzi mkubwa anaondoka? Kenya na Rwanda mkakimbilia kusaini Septemba.

Mama Mishiri
Nyinyi mlikataa kwa sababu mna uhakika wa kuingia bure hata msiposaini. Mwenye mwavuli hahangaiki na mvua.

Kamau wa Pipeline
Halafu nyinyi kutoka ni desturi, COMESA, lile soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, si mlitoka 2000?

Mchambuzi wa Dodoma
Tulibaki SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, mkuu, huwezi kuvaa viatu vya kila mtu. Na nani alikufa?

Kamau wa Pipeline
Kauze mahindi Lusaka bila permit utaniambia.

Mtanga wa Reading
Jamani mpira wa Kenya na Tanzania una uzi wake. Swali langu dogo, nina pauni kidogo nataka kujenga Tanga, nitume sasa au nisubiri?

Babu Chati
Subiri.

Mzee wa ISA
Tuma. Unajenga kwa shilingi, umeme na nondo hazisubiri.

Kijana Pips
Nipe mimi nikuzungushie wiki mbili.

Bi Mkubwa Mombasa
Huyo usimpe hata nauli.

Nesi wa Midlands
Bi Mkubwa nimerudi, nilikuwa na mgonjwa. Mume yupo. Simu yake ya chati nilikaa nayo mimi na mshahara wake unaingia kwenye akaunti yenye saini mbili. Babu Chati sijakasirika, uliyosema nilimwambia mwenyewe, tena kwa sauti kubwa kuliko yako.

Bi Mkubwa Mombasa
Saini mbili. Hapo sawa.

Mama Mishiri
Kwa wenye ujuzi, huu mkataba mpya nidai dola au nibaki na pauni?

Mzee wa ISA
Dola, bila kufikiria.

Mpangaji Mstaafu
Ukidai dola atakwambia Morocco wanamletea kwa lori na wanapokea pauni.

Mama Mishiri
Hilo ndilo ameniandikia leo asubuhi, karibu neno kwa neno. Nimemwambia nusu dola nusu pauni, anajibu Jumanne.