Tupeane uzoefu: presha na mishipa ya moyo, makosa gani mnayaona?

Mpimaji: Ile picha inayozunguka, mtu anapimwa presha amekunja nne na simu iko sikioni, imenichokoza. Akipata 152/94 hapo, hiyo ni namba ya nini? Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono mezani usawa wa moyo, mkojo ameshatoa, kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Mkanda wa kipimo ukiwa mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba bure. Mwageni mnayoyajua, hasa ya moyo, maana watu wanaongelea kiharusi tu.

Binti Wodi: Na mkanda juu ya sweta!

Fundi Bomba: Ateri, mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, kwa ndani ina utando wa unene wa seli moja. Presha ikiusukuma kwa miaka unadhoofika, zaidi pale mshipa unapogawanyika. Lehemu mbaya inapenya, chembe nyeupe za damu zinaimeza mpaka zinavimba, unajengeka ukoko wa mafuta. Wengi wanadhani mshipa wa moyo huziba taratibu kama bomba la kutu. Mara nyingi ukoko hupasuka ghafla, damu ikagandia pale, na mshipa uliokuwa umezibwa hata chini ya nusu ukafungwa wote. Ndiyo maana aliyeshambuliwa na moyo leo, jana alipanda ngazi bila shida.

Halafu kuna hasara ya pili: misuli ya moyo inanenepa kwa kusukuma kwa nguvu, inadai oksijeni zaidi, mishipa ni ileile.

Zamu ya Usiku: Mkuu umenikumbusha kapsuli ya nifedipini, dawa ya kushusha presha. Mgonjwa 210/120, hana maumivu wala kizunguzungu, kaja kwa jambo jingine. Mtu mwenye pupa akaitoboa, akamdondoshea chini ya ulimi. Haikufika nusu saa, 100/60. Jasho jembamba, kifua kinabana, maumivu hadi taya, kipimo cha umeme wa moyo kimebadilika. Hakuna bonge lililoziba kitu! Mishipa yenye ukoko ilizoea presha kubwa. Ukiishusha kwa kishindo, damu haifiki mbele ya pale palipobana. Asiye na dalili hushushwa kwa vidonge, kwa siku na wiki.

Binti Wodi: Jamani, akapona?

Zamu ya Usiku: Alipona, kwa shida.

Kidonge Kimoja: Kwangu mimi kila mwenye presha ameze aspirini kila siku, yaishe.

Fundi Bomba: Yaishe tumbo linatoka damu? Asiyewahi kuugua moyo wala kiharusi asijianzishie. Ya kutafuna miligramu 300 ni ya shambulio la moyo lenyewe, kama hana mzio na havuji damu, huku mmeshaita gari la wagonjwa.

Mpimaji: Na maumivu yakiwa ya kuchanika kuelekea mgongoni, msimpe. Huenda mshipa mkuu umechanika kuta zake, aspirini itazidisha kuvuja.

Kidonge Kimoja: Basi vitunguu saumu.

Binti Wodi: Weka kwenye mchuzi, vidonge viendelee. Punguza na chumvi ya huo mchuzi: siku nzima isifike gramu 5, kijiko kimoja cha chai.

Mhasibu wa Namba: Mnapoteza muda, presha ni 130/80 kwenda juu.

Mpimaji: Huo ni mpaka wa Marekani tangu 2017. Kwingi bado ni 140/90 kliniki, 135/85 nyumbani. Pima asubuhi na jioni siku 7, mara mbili kila kikao, tupa za siku ya kwanza, chukua wastani. Tutagombana vizuri ukishaleta hizo.

Zamu ya Usiku: Kabla uzi haujazama: atenololi na ndugu zake, dawa za presha zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo, haziachwi ghafla. Mapigo yanarudi mbio na kifua kinaanza kubana, kwa mwenye mishipa mibovu hata shambulio. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, ikivimbisha vifundo vya miguu, rudi ubadilishiwe dozi au dawa. Diklofenaki, ile ya maumivu ya mgongo, nayo inapandisha presha, itajeni mnapoulizwa dawa mnazotumia.

Binti Wodi: Hiyo diklofenaki hawaitaji kamwe. Wanasema "si dawa, ni ya maumivu tu".