Mjadala: Fedha za utafiti vyuo vikuu ziende kwenye sayansi peke yake?

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kuna hoja inayorudi kila msimu wa bajeti, na kila mara inafungwa kwa sentensi moja: nchi yetu haina fedha za kuchezea, kwa hiyo fedha za umma za utafiti ziende kwenye tiba, uhandisi, kilimo na TEHAMA. Historia, fasihi, isimu, falsafa na akiolojia wajitafutie wafadhili. Wapo wanaotaka hata sayansi yenyewe ichujwe, ibaki ile tu inayotoa bidhaa.

Napinga. Naomba tubishane kwa mifano yetu wenyewe, maana ipo mingi.

Nianze na fizikia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaona mchanganyiko wake, aliouweka kwenye friza ukiwa bado wa moto, umeganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganya mambo. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne aliporudi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitaka jambo lile lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakalichapisha. Hadi leo wanafizikia hawajakubaliana kuhusu chanzo chake, wengine wanahoji kama lipo kweli, na kila wanapobishana wanalitaja jina la kijana yule wa Lushoto. Sasa niambieni: andiko la utafiti kuhusu maziwa ya moto kuganda haraka lingepita kwenye kamati inayouliza tija kabla ya kuuliza swali lenyewe?

La pili, Majimaji. Kati ya 1968 na 1969 Idara ya Historia ya Dar es Salaam ilituma wanafunzi vijijini, kusini na kwingineko vita vilikopita, wakakae na wazee na kuandika simulizi zao. Kabla ya hapo, habari za vita vile tulizisoma kwa sehemu kubwa kupitia nyaraka za Wajerumani waliotupiga. Pigeni hesabu: aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa na miaka 73 mwaka 1968. Kama mtu angesema "tujenge kwanza maabara, historia itasubiri miaka 20", pangebaki nani wa kumuuliza? Kazi ya G. C. K. Gwassa, Mtanzania aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya vita hivyo, ingekosa sauti za waliovipigana. Kuna utafiti ambao ukiahirishwa ndiyo umekufa.

La tatu ni chura wa Kihansi. Wakati bwawa la umeme la megawati 180 likijengwa kwenye mto Kihansi, tathmini ya mazingira ilimkuta mwaka 1996 chura mdogo wa manjano anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto huo, mahali padogo mno, na kwingine kokote duniani hayupo. Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliomtambulisha kwa wanasayansi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wale waliopelekwa kutunzwa Marekani. Walianza kurudishwa nchini mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaachiwa tena Kihansi. Huyu hahusu fasihi wala historia. Ni sayansi tupu, na bado isingepita kwenye mlango wa "utafiti wenye tija".

Ndiyo maana nasema mpaka uliochorwa kati ya sayansi na sanaa haupo mahali pake. Kinachogombaniwa ni nani ana haki ya kuuliza swali ambalo jibu lake halijulikani litatumika wapi.

Pendekezo langu: theluthi moja ya fedha za umma za utafiti itengwe kwa maandiko ya fani yoyote, yapimwe na wabobezi wa fani hiyo hiyo, na kigezo kiwe ubora wa swali na wa mbinu. Theluthi mbili ziendelee kufuata vipaumbele vya taifa. Na tusichanganye hili na Ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa vijana wanaofaulu sana sayansi. Ule ni wa kusomesha, na naufurahia.

Naomba kuwasilisha.

Mhandisi, Mbeya

Mleta mada umepanga hoja vizuri, lakini umezungumza kama mtu ambaye hajawahi kusubiri vitendanishi.

Maabara nyingi nilizopita, wanafunzi 30 wanazunguka mashine moja, na mashine hiyo ikiharibika fundi anatoka nje ya nchi. Mwanafunzi wa umahiri anasafirisha sampuli zake kwenda kupimwa ughaibuni, anarudishiwa namba, anaandika tasnifu. Huyo ametafiti au ametuma kifurushi? Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Hatujalifikia. Ukikichukua kidogo kilichopo na kukigawa kwa wote, kila mtu anapata nauli ya semina na hakuna anayemaliza kitu.

Halafu mfano wako wa Majimaji unakusuta. Wanafunzi wale walihitaji nauli, daftari na pengine kinasa sauti. Utafiti wa namna hiyo ni wa bei nafuu, unaweza kuishi kwa posho ndogo ya idara. Darubini ya elektroni haiishi kwa posho ndogo. Ukitenga theluthi nzima kwa "fani yoyote", fedha zitakwenda kwenye maandiko mengi madogo, na tasnifu zake zitakaa maktaba bila kuguswa. Mimi ni mlipa kodi pia. Mke wangu alijifungulia kwenye hospitali ambayo umeme ulikatika usiku. Nataka anayetafuta njia ya kuzuia hilo apewe fedha kwanza.

Mchangiaji, Dodoma

Naungana na Mhandisi kwa asilimia mia. Tukishiba tutasoma mashairi.

Mtafiti wa afya, Ifakara

Ndugu zangu, mimi niko upande wa tiba, ule mnaotaka upewe fedha zote, na nawaomba msitupe kwa namna hiyo.

Miaka ya 1990 tulijua namna ya kutibu malaria kali. Dawa zilikuwepo, zahanati zilikuwepo. Bado watoto waliofikia hatua ya kustuka na kukakamaa walipelekwa kwanza kwa mganga. Watafiti waliokwenda kukaa na kina mama Bagamoyo na Kilombero, wakiuliza taratibu na kusikiliza, ndio waliotuonesha sababu. Kwa wazazi wengi malaria ilikuwa homa ya hospitali, lakini degedege ilikuwa kitu kingine kabisa, inayoletwa na dege la kishetani, na iliaminika kuwa mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Mama aliyekataa sindano alikuwa anamlinda mwanawe kwa kile alichokijua. Hakuna darubini ingetuonesha hilo. Lilitoka kwa wanaanthropolojia.

Angalieni na vyandarua. Mradi uliofanyika Kilombero na Ulanga uliuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu, na kabla ya kuuza watu waliulizwa wanataka chandarua cha namna gani na bei gani wanaiweza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa mtoto mdogo kuishi. Kazi hiyo ilikuwa na wadudu ndani yake, takwimu, biashara na mila. Mkinipa fedha zote mkamnyima mwenzangu wa sayansi za jamii, mmenikata mkono mmoja mkidhani mmenineemesha.

Mhandisi, pole kwa shemeji, na lile la vifaa uko sahihi kabisa. Linaniuma kila siku.

Mkulima wa mwani, Paje

Assalaam aleikum. Miye si msomi wa chuo, ila mwani umenisomeshea watoto, basi nami niseme.

Huku Unguja kilimo cha mwani kwa biashara kimeanza mwaka 1989, hapa Paje na Jambiani. Lakini kabla ya hapo, miaka ya 1970, Profesa Keto Mshigeni wa Dar es Salaam alikuwa tayari akiuchunguza mwani wa pwani zetu. Wakati ule watu wa pwani tuliuona ni majani ya baharini tu. Nani angemwambia serikali impe fedha akachunguze majani?

Sasa bahari imepata moto. Ule mwani mnene wa bei kubwa, tunaouita kotonii, unageuka mweupe, unakatika na kufa maji madogo. Wataalamu wanatwambia tuhamie maji ya kina. Sawa, ila wengi wetu ni wanawake, kuogelea hatujui, na vyombo wanavyo wanaume. Akenda mwanamke kwenye kina, nani yuko naye chomboni, na jirani wanasemaje? Halafu bei anapanga mnunuzi, sisi tunapokea tunachopewa. Mwenye elimu ya bahari amefanya kazi yake, Mungu amlipe. Haya mengine nimwulize nani kama hamna anayesomea mambo ya watu na mambo ya bei? Sijamwona bado aliyekuja kutuuliza hayo kwa kituo, akakaa.

Mwanafunzi wa uzamivu, Kiswahili

Nampa jibu ndugu wa Dodoma. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, ikirithi kazi ya kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mwaka 1990 ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Wanaisimu ndio waliokaa kutafuta majina ya vitu mnavyovifanyia utafiti, ili mtoto wa Namtumbo avielewe.

Na hili la "wajitafutie wafadhili" naomba tulitazame vizuri. Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotoka mwaka 2009 ilitokana na mradi wa Mlimani uliofadhiliwa na Sida, shirika la misaada la Sweden. Nawashukuru kwa dhati. Lakini mlipa kodi wa Stockholm ndiye aliyelipa ili tujue lugha zetu zinazungumzwa wapi na watu wangapi. Serikali yetu ikijitoa, maswali kuhusu sisi yataendelea kuulizwa, ila atakayeyachagua atakuwa mwenye fedha.

Jirani, Kampala

Habari za Dar. Huku kwetu jambo hili limekwishafika kwenye mishahara. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda, wa masomo ya sanaa akabaki karibu na milioni 1. Walimu wa sanaa waligoma Juni mwaka huo. Shule moja, chumba kimoja cha walimu, watu wakaacha kusalimiana.

Lakini huku huku, Makerere ina mfuko wa utafiti na ubunifu ulioanza mwaka 2019 kwa fedha za serikali, shilingi bilioni 30, na uliwekwa wazi kwa fani zote. Kwa hiyo msiseme haiwezekani.

Mleta mada

Nimesoma michango yote. Mama wa Paje, shukrani. Umeuliza maswali ambayo kamati ya utafiti ingepaswa kuanza nayo.

Mhandisi, nakujibu kwa chuma. Buhaya, mkoani Kagera, miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alianza kwa kusikiliza masimulizi ya wazee kuhusu mti mmoja mtakatifu pale Katuruka. Masimulizi yakamwelekeza pa kuchimba, akakuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za karne nyingi zilizopita. Wazee waliokumbuka kazi ile wakajenga tanuri upya mbele yake, na Donald Avery, profesa wa uhandisi, akapima kilichotoka. Mwaka 1978 wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba mababu wa Buhaya walikuwa na teknolojia ya kutengeneza chuma cha pua. Historia simulizi ilimpa mhandisi pa kuweka kipimo chake. Ungeanza na mhandisi peke yake, angechimba wapi?

Kuhusu tasnifu zinazokaa maktaba, nakubali zipo, na kwenye fasihi zipo nyingi zinazorudia uhakiki ule ule wa riwaya zile zile. Hizo zisipate hata senti. Ndiyo maana nimesisitiza wapimaji wawe wabobezi wa fani husika: wanamjua anayerudia ya mwenzake kuliko ofisa wa wizara anavyoweza kumjua.

Hoja yako nzito ni ya vifaa, na hiyo nimeichukua. Mashine za maabara zisishindane na maswali ya utafiti kwenye kapu moja. Ziwe na fungu lake, pamoja na fedha za matengenezo na za kusomesha mafundi hapa hapa nchini. Baada ya hapo, kinachobaki ndicho kigawanywe kama nilivyosema. Hapo je, unasemaje?

Mhandisi, Mbeya

Vifaa kando, pamoja na mafundi: nakubali, na sikutegemea kuisikia kutoka upande wako. Theluthi nakataa. Robo, kwa miaka mitano, na majina ya wapimaji yawekwe hadharani. Wa Dodoma na wengine waseme na wao.